Kuziba mishono: fila, msasa na VC10 ya Afrika Mashariki

Leo tunaiweka tarakilishi kando kidogo (kidogo tu, msiogope, tutairudia kabla hatujaachana). Kwa wiki kadhaa sasa jioni zangu hapa Chwele zimekuwa zikiishia mezani, mbele yangu ndege ya plastiki, vipande vya msasa na bakuli la maji. Jirani mmoja aliniuliza kama hiyo digrii ya sayansi ya kompyuta ndiyo imenirudisha kwenye vichezeo vya watoto. Nikacheka. Lakini swali lake linastahili jibu, na jibu lenyewe ni refu, kwa hivyo mimina chai yako ukae.

Kwa wale wasiojua: modeli ya kipimo ni nakala ndogo ya kitu halisi, iliyopunguzwa kwa hesabu maalum. Hii yangu ni ya 1/144, maana yake kila kipimo cha ndege halisi kimegawanywa kwa 144. Ndege yenyewe ni Super VC10, iliyokuwa na urefu wa mita 52 na kitu. Yangu ina sentimita 36. Inakuja kwenye boksi ikiwa vipande vipande, vimeshikiliwa na vijiti vya plastiki kama matunda kwenye tawi. Unakata, unasafisha, unagundisha, unapaka rangi. Kuagiza kwa intaneti ni rahisi, kuisubiri posta ndiyo kazi.

Sasa, ukiuliza wanaojenga modeli ni hatua gani inayotenganisha ndege na kichezeo, wengi hawatakutajia rangi. Watakutajia mishono. Pale vipande viwili vinapokutana hubaki mstari, na jicho la mtu huuona mstari huo hata kama hajui anaona nini. Hayo ndiyo mazungumzo ya leo.

Kwa nini VC10?

Vijana wengi wa rika langu hawajui kwamba kabla ya Kenya Airways tulikuwa na shirika moja la ndege la Kenya, Uganda na Tanzania. Liliitwa East African Airways, lilianza mwaka 1946 na likafa mwaka 1977 wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Katikati hapo, kuanzia mwaka 1966, lilipokea Super VC10 tano mpya kutoka kiwandani Uingereza. VC10 ilibuniwa makusudi kwa viwanja vya joto na vya nyanda za juu. Kiwanja cha Embakasi kiko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na ndege nyingi za jeti za wakati ule zilipata taabu kuondoka zikiwa na mzigo kamili. VC10 ilifungwa injini zote nne mkiani ili mabawa yabaki safi, yafanye kazi moja tu ya kuinua.

Zile tano ziligawanywa kwa usajili: herufi 5X ni Uganda, 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya. Zilikuwa 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ na 5H-MOG. Ya kwanza ilianguka ikijaribu kuondoka Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, watu 43 wakafa. Nne zilizobaki zilirudi Uingereza baada ya shirika kufa, zikageuzwa kuwa ndege za kujaza mafuta angani za jeshi. Na sikiliza hii: VC10 ya mwisho kabisa kuruka duniani, tarehe 25 Septemba 2013, ilikuwa ile 5H-MMT yetu, ikiwa na namba ya kijeshi ZA147. Ilizidi kuruka miaka 36 baada ya shirika lililoinunua kuzikwa!

Kuna sababu nyingine, ya nyumbani. Ndugu mdogo wa babu yangu mzaa mama (kwetu sisi Wabukusu huyo naye ni kuka, hakuna cha babu mdogo) alikuwa fundi wa bati za ndege pale Embakasi. Aliajiriwa akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1977 akawa miongoni mwa waliorudi nyumbani na masanduku yao. Akaja hapa Chwele, akakata bati za mifereji ya nyumba, karai na majiko pale sokoni mpaka uzee ulipomkalisha. Siku hizi presha ya macho imemwachia mwanga na kivuli tu. Aliposikia nimeagiza VC10 hakuuliza itakuwa na rangi gani. Aliuliza, "Itafika lini niishike?"

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa kazi. Mtu mwenye macho unaweza kumdanganya kwa rangi nzuri na kuiweka ndege juu ya kabati, mbali kidogo. Fundi wa bati asiyeona utamdanganya na nini? Yeye atapitisha vidole.

Mwanya unatoka wapi

Vipande hutengenezwa kwa kumimina plastiki ya moto, iitwayo polistirini, ndani ya kalibu ya chuma. Ikipoa hunywea kidogo. Kalibu nazo huchakaa, na vipande virefu hupinda njiani. Kiwiliwili cha ndege huja nusu mbili, kushoto na kulia, kama ganda la karanga. Ukiziunganisha unapata mshono mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Mabawa yanapoingia ubavuni kuna mwingine. VC10 ina adhabu ya ziada: zile injini nne za mkiani zimekaa mbilimbili kwenye vifuko, na kila kifuko kina mishono yake.

Ni midogo, utasema. Haya, tupige hesabu. Mwanya wa nusu milimita kwenye kipimo cha 1/144 ni milimita 72 kwenye ndege halisi. Sentimita saba! Hakuna rubani angekubali kupaa na ndege ambayo abiria anaweza kutoa mkono nje kupitia paa.

Kabla ya fila

Wengi wakiona mwanya hukimbilia fila. Ngoja kwanza. Fila haishiki vipande pamoja wala hainyooshi kilichopinda. Kazi yake ni kujaza tu. Kwa hivyo mwanya mwingi iwezekanavyo unaondolewa kabla ya kufungua kopo lolote.

Unganisha vipande bila gundi, uvishike kwa utepe wa karatasi, utazame kwenye mwanga. Tazama panapokataa kukutana na ujiulize ni nini kinachozuia. Mara nyingi ni kipele cha plastiki pale kipande kilipokatwa kwenye kijiti, au ukingo uliobaki kwenye kalibu. Laza msasa namba 400 juu ya kioo au kigae kilicho bapa, kisha usugue ukingo wa kila nusu juu yake polepole kwa mzunguko, mpaka ukingo wote uwe umeguswa. Kama bawa liko chini ya usawa wa ubavu, kata kipande cha kijiti ukiweke ndani ya kiwiliwili kama boriti, kisukume kuta zije nje zikutane na bawa. Nilifanya hivyo pande zote mbili na mwanya mkubwa zaidi wa modeli nzima ukatoweka bila tone la fila.

(Jambo la pembeni ila muhimu: VC10 ina uzito wote nyuma, kwa hivyo modeli yake hupenda kukalia mkia. Kabla ya kufunga kiwiliwili, gundisha nati za chuma ndani ya pua.)

Gundi nzuri ni nusu ya fila

Gundi ya modeli si kama gundi ya karatasi. Ni kiyeyushi. Inalainisha plastiki ya pande zote mbili, zikachanganyika, kisha kiyeyushi kinapaa hewani na kuacha kipande kimoja. Ile ya majimaji unaigusisha kwenye mshono kwa brashi nyembamba, nayo hunyonywa yenyewe kuufuata mwanya, kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa.

Siri iko hapa. Subiri sekunde chache plastiki ilainike, kisha ukaze nusu mbili kwa nguvu kiasi. Utaona uzi mwembamba wa plastiki laini ukichomoza kwenye mshono wote. Usiuguse! Uache siku mbili nzima ukauke, kisha uusugue usawa na ukuta. Huo uzi ndio fila bora kuliko zote, kwa sababu ni plastiki ileile. Haunywei tofauti, hauonekani chini ya rangi, hauna mahali pa kupasukia.

Ukibaki mwanya, ndipo fila

Hapa mtu ana njia kadhaa, na kila moja ina mahali pake.

1. Uji wa plastiki. Katakata vijiti vilivyobaki, vitie kwenye kichupa chenye gundi ya majimaji, usubiri usiku mmoja vigeuke uji mzito. Unapaka, unasubiri siku kadhaa (usiwe na haraka, kiyeyushi kingi hulainisha hata ukuta wenyewe), unasugua. Ni mzuri kwa mishono mirefu.

2. Supaglu na poda ya watoto. Changanya tone la supaglu na poda ile ya talki, upake. Inakauka upesi na haisinyai. Lakini isugue ndani ya saa moja au mbili, kwani ikilala usiku inakuwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka. Msasa utakula plastiki na kuiacha yenyewe imesimama kama tuta la barabarani.

3. Fila ya magari. Hii inapatikana hata huku kwetu. Pale Chwele kuna mafundi wanaonyoosha bodi za matatu, na nimejifunza kwao mambo ambayo video za intaneti hazisemi vizuri. Ziko za aina mbili. Kuna ile ya mrija mmoja, ambayo hukauka kwa kiyeyushi kupaa. Kwa kuwa kitu kimetoka ndani yake, lazima isinyae, kwa hivyo ipakwe nyembamba, tabaka juu ya tabaka. Kuna ile ya kuchanganya na hadina, ambayo hukauka kwa mmenyuko wa kemikali na kusinyaa kidogo sana, ila inatoa joto, na joto si rafiki wa plastiki nyembamba. Changanya kiasi cha punje ya mahindi, si zaidi. Sheria ya mafundi ni moja kwa zote: fila nene hupasuka. Shimo kubwa kwanza linyooshwe bati, fila ije mwisho.

4. Kipande cha plastiki. Mwanya ukizidi milimita moja, achana na fila. Chukua kikombe cha yogati chenye namba 6 ndani ya alama ya pembetatu chini yake. Hiyo ni polistirini, ndugu ya modeli yako. Kata ukanda mwembamba, uupenyeze kwenye mwanya, utie gundi, ukikauka ukate kilichozidi. Ni ule unyooshaji wa bati wa wale mafundi, umehamia mezani.

Kwa usalama wako: fungua dirisha, na usugue kwa maji. Vumbi la fila na la plastiki si la kuvutwa mapafuni, na hewa ya viyeyushi hivi inaumiza kichwa kabla hujajua.

Msasa, na mpelelezi wa kijivu

Anza na msasa wa maji namba 400 pale palipo na fila nyingi tu, kisha 600, kisha 1000. Funga msasa kwenye kitu kigumu penye ubapa, na kwenye kitu laini kama kipande cha ndala penye mviringo. Ukisugua mviringo kwa kitu kigumu utapata ndege yenye mgongo wa meza.

Ukimaliza, macho yako yatakwambia kazi imekwisha. Usiyaamini. Fila ina rangi yake, plastiki ina yake, na tofauti ya rangi inaficha tofauti ya kina. Pulizia praima ya kijivu, tabaka jepesi. Kila kitu kikiwa rangi moja, kila mkwaruzo na kila bonde vinajitokeza. Unarudi kujaza, kusugua, kupulizia. Modeli yangu imepita mzunguko huo mara tatu kwenye mgongo na mara nne kwenye vifuko vya injini. Hakuna njia ya mkato, na mtu yeyote aliyewahi kujaribu programu, ikakataa, akarekebisha, akajaribu tena, hatashangaa.

Mstari usiozibwa

Baada ya praima ya pili niliipeleka kwa kuka. Alinawa mikono kwanza, akaifuta kwa shati lake, kisha akaipokea kwa viganja viwili kama mtu anavyopokea mtoto. Alianzia puani. Vidole vikapita mgongoni hadi mkiani bila kusimama, vikarudi na tumbo. Kwenye kifuko cha injini cha kulia vikasimama.

"Hapa bado."

Nikatazama, sikuona kitu. Nikaweka ukucha wangu, nikahisi kangazi kembamba kama unywele. Fila ya pale ilikuwa imesinyaa kidogo tangu siku mbili nyuma.

Akarudi ubavu wa kushoto, mbele, akawa anatafuta. "Mlango wa mizigo uko wapi?"

Wasomaji, VC10 za East African Airways zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo upande wa kushoto karibu na pua, ili zibebe shehena mbele na abiria nyuma. Mstari wa mlango huo nilikuwa nimeuchora kwa sindano, nikifuata picha za zamani na ukingo wa utepe mgumu. Nikamshika kidole nikakiweka pale. Akaufuata mstari pande zote nne, taratibu, kisha akaufuata tena.

"Huu usije ukauziba," akasema. "Tulikuwa tunaukagua kwa tochi." Halafu akanyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyomzoea, ndege ikiwa mapajani. Alipoongea tena alinitajia majina ya watu aliofanya nao kazi: mmoja wa Moshi, mmoja wa Entebbe, wawili wa Mombasa. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kuyasikia majina hayo. Mwaka 1977 kila mmoja alirudi kwao, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mpaka mwaka 1983.

Ndege halisi ina mistari mingi ambayo ni yake kwa haki: milango, viungo vya bati, vibao vya mabawa vinavyopanda na kushuka. Mshono wa kiwanda cha modeli si wake. Kazi yote ya fila ni kujua tofauti ya hiyo miwili. Ukiziba kila mstari unapata sabuni yenye umbo la ndege. Usipoziba hata mmoja unapata kichezeo.

Na kompyuta je?

Niliahidi. Hivi majuzi niliitwa kutazama programu ya mauzo ya kituo kimoja cha mafuta, jina nalihifadhi. Wahudumu wa zamu ya usiku walikuwa wakikatwa mishahara kwa sababu ya shoti, karibu kila wiki, na wao wakiapa kwamba hawajagusa hata shilingi. Kumbe seva ilikuwa inahifadhi saa za dunia, UTC, na sisi tuko saa tatu mbele. Mauzo ya kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa yalikuwa yakiandikwa siku iliyopita. Kabla yangu mtu alishaona mwanya huo akaweka fila: akaongeza saa tatu kwenye ripoti moja. Mwingine akaongeza saa tatu kwenye ripoti ya pili, ambayo inasoma kutoka ile ya kwanza. Jumla saa sita. Programu ikawa inahesabu saa za Kiswahili bila kufundishwa!

Kuongeza fila ya tatu kungekuwa rahisi. Badala yake tuliondoa zote, vipande vikutane kwanza: saa zote zihifadhiwe kwa kipimo kimoja, na zigeuzwe kuwa saa za Nairobi mahali pamoja tu, pale zinapoonyeshwa kwa mtu. Mpaka kati ya kuhifadhi na kuonyesha ni mlango wa mizigo, unabaki na unakaguliwa. Ripoti za miezi minne zilipopigwa upya, sehemu kubwa ya ile shoti ikawa haipo, na mwenye kituo akakubali kuwarudishia wahudumu pesa zao.

Turudi mezani. Kile kifuko cha kulia nimekijaza upya kwa uji wa plastiki na sasa kinakauka, nakiacha mpaka Jumamosi. Baada ya hapo ni praima ya mwisho, rangi, na herufi za usajili. Kuka amechagua 5H-MOG. Nilipomuuliza kwa nini asichague ile ya Kenya alinijibu kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto: "Zote zilikuwa zetu."

Makala ijayo, Mungu akipenda, nitaeleza namna ya kupaka nyeupe isifanye madoa. Kama unataka kuanza mwenyewe, usianze na VC10. Anza na ndege ndogo ya injini moja, nunua msasa wa kutosha, na weka vijiti vyote vilivyobaki. Utavihitaji kwa ule uji.